Istilahi za Mezani: Maneno ya Karatasi ya Vyakula Katika Mji Mkongwe

Istilahi za sheria, za sayansi na za utawala zimekwisha kuandikiwa mengi, na hivyo ndivyo ipasavyo. Istilahi za mezani hazikubahatika. Labda ilidhaniwa kwamba kwa kuwa kila mtu anajua kula, basi kila mtu anajua pia kukitaja anachokula. Makala haya yana kusudi la kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba mfasiri anayepewa karatasi ya vyakula aitie katika Kiswahili amepewa kazi yenye dhima kubwa kuliko inavyoonekana. Mifano mingi imetoka Unguja, na mingi katika hiyo ni makosa ya mwandishi mwenyewe.

Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na hasa baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mikahawa ya namna ya Kizungu imekuwa mingi katika mitaa ya Shangani na kandokando yake. Hatusemi ile ya fahari, bali ile ambayo mtu huingia na makubadhi yake akaagiza baga, piza, tambi au steki, akala na kuondoka. Karatasi zake huandikwa kwa Kiingereza, na pengine kwa Kitaliana pia. Lakini wenyeji nao huingia: mtumishi wa serikali mwisho wa mwezi, familia siku ya sikukuu, walimu wanaomuaga mwenzao anayestaafu. Kwa ajili yao baadhi ya wenye mikahawa wameona yafaa kuongeza ukurasa wa Kiswahili.

Miaka michache iliyopita mwenye mkahawa mmoja, ambao sitautaja jina, aliniomba nimfasirie ukurasa huo. Vyakula vilikuwa thelathini na kitu. Kazi niliimaliza kwa jioni moja, nikalipwa, nikajiona nimeifanya vizuri. Sikuingia jikoni, wala sikumwuliza mpishi neno.

Baadaye nilikwenda kula pale pale pamoja na mke wangu na mjukuu wetu wa miaka sita. Aliyetuhudumia alikuwa kijana wa kutoka bara, mwenye adabu sana. Alitupa shikamoo zetu moja moja, akatufutia meza, akatuletea karatasi ambayo niliitazama kwa fahari kidogo. Nikaagiza supu ya siku na steki. Mke wangu akaagiza samaki wa kukaanga kwa "sosi nyeupe". Mtoto akataka mishkaki ya kuku kwa "sosi ya satei", kwa sababu neno mishkaki alilijua. Kabla ya kijana kuondoka, mke wangu alimwuliza, "Mwanangu, katika kuku huyo hamna njugu? Mtoto huyu njugu zinamdhuru." Kijana akajibu, "Hapana, mama, hakuna njugu kabisa."

Tulingoja kwa muda mrefu, jambo ambalo si kosa la lugha. Mbatata zilizokaangwa zilikuwa nzuri, za moto na kavu. Supu haikuwa supu, nitaieleza mbele. Samaki alikuwa mbichi wa siku ile, na mke wangu alikwisha kula vipande viwili alipohisi ladha asiyoijua. Akamwita kijana na kumwuliza sosi ile imetiwa nini. Kijana akaenda jikoni, akarudi na jibu la kweli: "Mpishi anasema ni siagi, maziwa na mvinyo kidogo, mama. Lakini mvinyo unaisha kwenye moto." Mke wangu aliisogeza sahani bila ya kumlaumu. Mimi aliniambia maneno machache tu: "Bwana, si wewe uliyeandika hapa?"

Wakati huo huo midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba. Tukamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, na usiku wa manane tukarudi naye nyumbani amelala begani mwangu. Alipona. Sosi ya satei hutengenezwa kwa karanga zilizosagwa.

Nilirudi mkahawani siku ya tatu yake, nikiwa na hasira, ili nimwulize kijana kwa nini alitudanganya. Hakuwa ametudanganya. Kwao neno njugu humaanisha njugu mawe, zile za duara na ngumu zinazochemshwa, nazo kwa hakika hazikuwamo. Zilizokuwamo ni karanga. Katika Unguja hizo ndizo tuziitazo njugu, au njugu nyasa tukitaka kupambanua. Mke wangu aliuliza kwa Kiswahili sahihi, akajibiwa kwa Kiswahili sahihi, na mtoto akapelekwa hospitali. Kilichokuwa na uwezo wa kuzuia jambo lile ni karatasi, na karatasi niliiandika mimi.

Kosa langu lilikuwa la namna gani? Msomaji anayefuata mambo ya istilahi anaijua ile kanuni ya kuunda maneno: kwanza hutazamwa Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Nilipoandika "satei" niliruka hatua zote nikaenda moja kwa moja kwenye ya mwisho. Lakini kosa halisi halikuwa kukopa. Kukopa jina la chakula hakuna ubaya. Pilau, biriani, chapati, sambusa na kababu zote ni majina ya wageni, wala hakuna anayezionea haya. Kosa lilikuwa kudhani kwamba nikishalitia neno la kigeni irabu mwishoni nimekwisha kulifasiri. Jina la chakula na maelezo ya chakula ni vitu viwili. Jina laweza kukopwa, maelezo hayawezi. Neno sambusa linatosha peke yake kwa sababu mikono ya mama zetu imelieleza kwa miaka mingi. Neno satei halikuwa na mikono iliyolieleza. Anayelisoma mara ya kwanza hana habari yoyote anayoipata isipokuwa sauti.

Yafaa ikumbukwe kwamba meza ya kigeni si mgeni wa jana katika lugha yetu. Neno lenyewe meza tulilipata kwa Wareno, kama tulivyopata mvinyo na leso. Sahani na sinia zimetoka kwa Waarabu. Uma ni letu wenyewe, kutokana na kitenzi kuuma, na lilikuwa tayari kukipokea kile chombo cha Kizungu kilipofika. Kabla ya haya yote watu walikaa juu ya jamvi wakazunguka sinia, wakanawa kwa birika, na wengi tunafanya hivyo hata leo, hasa Ijumaa. Lugha ilipokea meza bila ya kulitupa jamvi, na maneno yote mawili yana kazi yake. Hata kitenzi kilipatikana cha kuitumia meza hiyo: wazee walisema kuandika meza, yaani kupanga vyombo na chakula juu yake. Yule aliyeandika meza wakati wa ukoloni aliitwa boi, neno ambalo limekufa na halina wa kulililia. Siku hizi ni mhudumu, na neno hilo limetulia.

Mahali penyewe, kinyume chake, hapajatulia. Mkahawa limejengwa juu ya kahawa, na hapo mwanzo palikuwa mahali pa kunywa kahawa. Sasa ni mahali pa kula chochote, na wengine hulitamka mgahawa. Hoteli katika vinywa vya watu ni mahali pa kula zaidi kuliko pa kulala: mtu wa mjini akisema "nimekula hotelini" hakuna anayemwuliza alilala chumba gani. Mgeni mwenye kamusi hushangaa anapoelekezwa kwenye hoteli akakuta benchi mbili na sufuria ya maharagwe. Restoranti nalo limeingia kwa mlango wa utalii, na kwa wengi lina maana ya mahali pa ghali. Kwa maoni yangu mkahawa latosha kwa yote yasiyo na vitanda, na hoteli liachiwe vitanda katika maandishi ya serikali tu. Mitaani litaendelea kula na kulala, wala hatuna uwezo wa kulizuia.

Turudi kwenye ile supu. Katika Unguja, na pwani yote, supu ni maji ya nyama au mifupa yaliyochemka sana, yenye ndimu na pilipili, mepesi, yanayonywewa asubuhi pamoja na chapati. Au ni supu ya pweza jioni pale Forodhani. Neno hili tulilikopa kwa Waingereza zamani, likapata maana yake maalum, likaoa na kuzaa. Sasa linarudi tena kutoka kule kule na maana nyingine. Nilipoletewa bakuli la boga lililopondwa na kuchanganywa na malai, zito kiasi cha kusimamisha kijiko, nilitambua kwamba "supu ya siku" niliyoiandika ilikuwa ahadi ya uongo. Niliwaza kuiita rojo la boga, lakini Mzanzibari akiona rojo ataukumbuka urojo, na hapo ataingoja bajia, kachori na ukwaju. Niliwaza uji, lakini uji ni wa mgonjwa na wa mwezi wa Ramadhani. Nimeandika mwishoni "supu nzito ya boga na maziwa, bila ya nyama". Si neno, ni sentensi. Hata hivyo anayeisoma anajua atakachopewa.

Hali hiyo hiyo ipo kwa piza, na hapa mji wetu una kichekesho chake. Pale Forodhani, jioni, wapo mafundi wanaonyosha kinyunya mpaka kikawa kama karatasi, wakatia nyama ya kusaga, vitunguu na yai, wakakikunja pembe nne na kukikaanga juu ya bamba la chuma. Wageni wanakiita piza ya Zanzibar, na wauzaji wamelikubali jina. Watu wa Mombasa wanacho chakula kinachofanana sana na hicho nao hukiita mkate wa mayai, na Waarabu wana ndugu yake waitaye mutabbaq. Kwa hiyo kijana wa Unguja ambaye maishani mwake ameila piza ya Forodhani tu, akiingia mkahawani na kuagiza piza, huletewa duara la mkate lililo wazi juu, lenye tungule na jibini, akadhani mpishi amesahau kulikunja. Hapa neno moja lina maana mbili katika mji mmoja, mwendo wa dakika tano kutoka moja hadi nyingine. Haitafaa kumkataza yeyote. Mfasiri aandike "piza ya Kitaliana, mkate wa duara uliookwa na kutandazwa tungule na jibini", na jambo limekwisha.

Nimetaja tungule, na pengine msomaji wa bara amesita kidogo. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo letu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikaisimamia kazi hiyo. Mtu angetegemea basi kwamba karatasi ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu isomeke Unguja kuliko mahali popote. Katika mambo ya jikoni sivyo. Kiswahili kinachochapishwa kwenye karatasi hizi mara nyingi ni cha bara, kwa kuwa wahudumu na wapishi wengi wametoka huko na wafasiri wengi wanaegemea vitabu vilivyochapishwa huko. Mwenyeji husoma nyanya mahali alipotegemea tungule; hilo analielewa. Lakini akisoma "viazi vya kuponda" atategemea viazi vitamu, kwa sababu kwake vile vingine ni mbatata. Ameagiza kitu kimoja, ameletewa kingine, na atalipa.

Pilipili hoho ni hatari zaidi. Kwa wazee wa pwani pilipili hoho ni pilipili kali, ile inayotoa machozi. Bara neno hilo hilo limekuwa jina la lile tunda kubwa la kijani lisilo na ukali wowote, ambalo Unguja huitwa pilipili boga. Karatasi ikisema "saladi ya hoho", bibi wa Mji Mkongwe ataikimbia bila ya sababu. Na mpishi wa Unguja akiambiwa na mfasiri atie hoho tatu katika chakula cha watoto, sitaki kufikiri. Ndimu na limau nazo huchanganywa, ingawa hapo dhara yake ni ndogo: utakunja uso tu.

Mtu aweza kuuliza ni neno lipi kati ya haya lililo sanifu, ili hayo mengine yafutwe. Swali hilo lafaa kwa mtungaji wa kitabu cha shule, na hata yeye namshauri asiharakishe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981 na Kamusi la Kiswahili Fasaha lililotolewa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar mwaka 2010 si washindani, na mfasiri ayaweke yote mawili mezani pake. Lakini kwa karatasi ya vyakula jibu ni jepesi: yaandikwe maneno yote mawili, la Unguja na la bara, moja kando ya jingine. Njugu nyasa (karanga). Mbatata (viazi mviringo). Pilipili boga (hoho). Wino unaotumika ni mdogo, na hakuna anayeaibishwa kwa neno la kwao.

Sasa tutazame vitenzi, maana hapa Kiswahili ni tajiri na wafasiri tumekifanya maskini. Nilipoipitia tena kazi yangu niliona kwamba nyama, samaki, kuku na hata mboga nilikuwa nimevichoma vyote. Kiingereza kilikuwa na maneno manne matano tofauti, nami niliyafunika kwa neno moja, kama kwamba hatuna mengine. Kuchoma ni kuweka chakula juu ya moto au makaa moja kwa moja. Kubanika ni kukiweka juu ya wavu au kukibana kwa kijiti karibu na moto, kikaiva kwa joto na moshi polepole. Samaki wengi wa shamba hubanikwa. Kuoka ni kukizungushia joto kila upande, kwenye tanuri, au kwa makaa juu ya kifuniko na chini ya chungu, kama unavyopikwa mkate wa kumimina. Bibi aliyeupika mkate huo hahitaji kuelezwa oveni ni nini. Kukaanga ni kwa mafuta, na yakiwa mengi ya kukizamisha chakula yafaa isemwe hivyo. Kutokosa ni kuchemsha kitu mpaka kiive, neno ambalo vijana hawalitumii sana nami ningependa lirudi. Kuunga ni kukitia chakula kilichokwisha kupikwa viungo na mchuzi ili kipate ladha. Na kupaka ni kazi ya peke yake: samaki wa kupaka kwanza huchomwa, kisha hupakwa tui zito lenye viungo, akarudishwa motoni mpaka tui likashika. Karatasi ya Kiingereza ilisema kuku wao amefunikwa kwa kitu kinachong'aa cha asali. Niliandika "kuku mwenye kung'aa". Mpishi wa Unguja yeyote angeniambia kwamba huyo ni kuku wa kupaka asali.

Faida ya vitenzi hivi si ya ufasaha tu. Mtu mwenye maradhi ya moyo, au aliyekatazwa mafuta na daktari, huchagua chakula kwa kitenzi. Ukimwandikia "kuchoma" naye akaletewa kilichozamishwa katika mafuta, umemwandikia cheti kibaya.

Nakuja kwenye jambo ambalo kwa wasomaji wengi wa Zanzibar ni zito kuliko yote. Ukurasa wa Kiswahili katika mji wa Waislamu husomwa kwanza kwa jicho linalotafuta halali na haramu. Katika karatasi niliyopewa kulikuwa na aina mbili za nyama ya nguruwe, na jina lake la asili halikutajwa hata mara moja, kwa kuwa Waingereza wana majina mengine kwa nyama ya mnyama huyo akishachinjwa na kukaushwa. Moja niliitohoa nikaandika bekoni. Ya pili, kwa kufuata kanuni ile ile ya kutia irabu, ilikuwa "hamu". Naomba msomaji asome tena: "piza ya hamu na jibini". Mtu mwema kabisa angeiagiza kwa hamu. Nilibahatika kwamba mwenye mkahawa alicheka kabla ya kuchapa, tukabadilisha. Lakini bekoni ilibaki, na watu wangapi waliisoma bila ya kujua, hilo ni juu yangu.

Kwa mintarafu ya nyama hii pendekezo langu halina mlango wa pili: iandikwe "nyama ya nguruwe" kwa ukamilifu, kila inapotokea, hata ikiwa kipande kidogo cha kunogesha. Kule bara vijana wameipa jina la mzaha, kitimoto, ambalo kila mtu wa Dar es Salaam analijua. Mzaha ni mzaha, lakini karatasi ya vyakula si mahali pake. Vivyo hivyo pombe iliyotiwa katika mchuzi, keki au malai itajwe. Mpishi hupenda kusema kwamba huisha motoni. Hukumu hiyo si ya mpishi wala ya mfasiri. Ni ya mlaji mwenyewe pamoja na dini yake, naye hawezi kuitoa asipoambiwa. "Sosi nyeupe" yangu ilimnyima mke wangu nafasi hiyo. Nilikuwa nimeifupisha kwa sababu mstari ulikuwa mrefu.

Kuna pia makosa yanayotokana na kufasiri neno kwa neno, nayo hayahitaji maneno mengi. Nimeona kwa macho yangu, si katika mkahawa ule, ule mkate wenye soseji ndani ambao Waingereza wameupa jina la mbwa, umeandikwa "mbwa wa moto". Aliyeandika alikuwa mwaminifu kwa kila neno. Sijui kama aliuza hata mmoja. Jibini nalo limeanza kusukumwa na chizi, wakati chizi mitaani ni mtu aliyerukwa na akili. Tuna jibini tangu zamani, na libaki. Sharubati linafifia mbele ya juisi, nami sina matumaini makubwa nalo, ingawa mzee mmoja wa Malindi bado hulitumia na huletewa anachotaka.

Maneno ya utaratibu wa mlo hayana shida kubwa. Kitindamlo limekubalika kwa kile kitamu cha mwisho, na uzuri wake ni kwamba limefuata njia ya kitindamimba. Kwa kile cha mwanzo wengine huandika kitangulizi, lafaa. Chamshakinywa, chamcha na chajio yapo kwenye kamusi na hayapo sana vinywani. Karatasi yenyewe wengi huiita menyu, na "orodha ya vyakula" ni ndefu kidogo lakini wazi. Malipo huitwa hesabu, bili au ankara. Ankara naiona ya ofisini zaidi. Zile fedha za shukrani anazoachiwa mhudumu ni bakshishi, na neno hilo lina umri wa kutosha kuheshimiwa.

Nilimwomba mwenye mkahawa ruhusa ya kuufanya upya ukurasa wake bila ya malipo. Safari hii nilikaa jikoni siku mbili. Mpishi, mtu wa Makunduchi, alinionyesha kila chupa na kila mkebe, na mara nyingi lile neno nililolitafuta katika kamusi yeye alilisema huku akikoroga. Mahali paliposomeka "sosi ya satei" sasa pamesomeka: "Mishkaki ya kuku ya kuchoma. Huletwa na mchuzi mzito wa njugu nyasa (karanga) zilizosagwa na tui la nazi. Asiyepatana na njugu asiagize." Kwa samaki: "Samaki wa kukaanga kwa siagi, na mchuzi wa maziwa wenye mvinyo. Ukitaka bila ya mvinyo, mwambie mhudumu." Ukurasa umekuwa kurasa mbili, na mwenye mkahawa alilalamika kidogo kwa gharama ya kuchapisha, kisha akakubali.

Limebaki jambo moja ambalo sikulitatua. Mwenye kuagiza steki huulizwa anaitaka imefika wapi motoni, na Kiingereza kina daraja zake. Sisi tuna mbichi na tuna iliyowiva, na kati yake tuna kimya. Nilipoandika "mbichi" kwa ile daraja ya kwanza wenyeji walikunja nyuso, na haki yao, kwani mbichi ni ya buchani. "Nusu mbichi" haikuwa bora. "Iliyowiva nje" husema kweli lakini haisemi ndani kukoje. Kijana wa bara, ambaye bado yupo na sasa akiulizwa habari ya njugu huuliza kwanza ni njugu zipi, amejitungia lake: huwauliza wateja, "Yenye maji mekundu, yenye maji meupe, au kavu?" Watu humwelewa. Sijui kama ni istilahi, lakini kwa sasa ndiyo iliyoandikwa. Ikiwa wasomaji wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Pemba au wa mwambao mwingine wanalo neno la nyama iliyotolewa motoni kabla ya kukauka damu yake, walilete katika kurasa hizi.